Siku Niliyomwachia Mkono Mtoto wa Jirani

Jumamosi iliyopita nilirudi msitu wa Pugu na wenzangu wa ofisini pale Posta. Ndege hondohondo akalia juu yetu, ile sauti yake kama kichanga aliyekasirika, nikajikuta nimemshika mkono dada wa mapokezi. Akanicheka. Acha nikusimulie wewe sababu.

Nilikuwa darasa la tano. Tulikuwa tunaishi Mchafukoge, nyumba ya vyumba sita, ua mmoja, asubuhi imejaa moshi wa mkaa na harufu ya vitumbua vya bibi. Ndege tuliowajua ni kunguru, wale wa kuiba dagaa juani. Mwalimu wetu wa sayansi alipotangaza safari ya kwenda Pugu kuangalia ndege na kima, nilishindwa hata kula. Jirani yetu alikataa katakata kumruhusu binti yake, tuliyesoma naye darasa moja. Binti huyo alikuwa hasikii vizuri.

"Mama, nitamshika mkono safari nzima," nilimwahidi jirani. Bibi akanidhamini, naye akakubali shingo upande.

Msituni tulipokelewa na mzee aliyewatembeza wageni, na darubini yake moja ikawa inapita kwa zamu. Zamu yangu ilipofika nikaishika kwa mikono miwili. Nikamwona kima jike, mtoto amemng'ang'ania tumboni. Nilipoishusha, hondohondo analia juu yetu, pembeni yangu hapakuwa na mtu.

Mwalimu akaanza kuita, darasa zima likapaza sauti.

"Mzee, hasikii vizuri," nilisema, machozi yananitoka.

"Basi sisi ndio tusikie. Nyamazeni wote, kaeni chini."

Tukakaa. Kwanza sikusikia kitu. Kisha, bondeni, ndege wadogo wakaanza kupiga kelele, kali na za harakaharaka. "Pale wanamgombeza mtu," mzee akasema, akashika njia nasi nyuma yake.

Tulimkuta amechuchumaa penye mizizi ya mti mkubwa, ametulia kabisa. Juu yake kima mdogo alikuwa anakula matunda na kumdondoshea maganda kichwani. Binti aliponiona akaweka kidole mdomoni, nisimfukuze kima. Nikakaa palepale majanini nikilia na kucheka.

Jioni nilimweleza mama yake ukweli wote, kabla sijavua viatu. Alimgeuza binti yake, akamkagua mikono na shingo. Kisha akatuvuta sote wawili kifuani.

"Umemwachia, lakini umenirudishia. Nendeni mkaoge, chakula tayari."

Nililala usiku ule kama niliyetuliwa gunia.

Msitu nimeukuta bado upo, na hilo limenipa faraja kubwa. Ile nyumba ilishavunjwa, kumesimama ghorofa la maduka. Bibi hayupo, jirani hayupo. Siku hizi nina jiko langu, choo changu, na sigombani na mtu. Lakini kwenye mlango unaotazamana na wangu kuna mtoto, namsikia kila jioni akikimbia kwenye korido, na jina lake silijui.