Jani Alilotuonyesha Koko

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa chumvi na kusahau njiani nilichotumwa, mdogo wangu Trésor aliacha kusema. Ilianza kwa homa, kama homa zote za kwetu kando ya maporomoko, ambako ukungu wa maji hauondoki mlangoni. Kisha macho yake yakabaki wazi na maneno yakakauka. Papa alimpeleka kwenye kituo cha afya, wakarudi na chupa ya serum, tukaitundika kwenye msumari juu ya kitanda. Maji yaliingia tone kwa tone. Trésor hakusema.

Asubuhi moja Tantine Véro, dada wa Papa, alifika kwetu akiwa bado na kitambaa cha kulalia kichwani. Hakuwa mganga. Alikausha samaki kwa moshi na kuwauza sokoni, na Jumapili aliimba kwaya. Alisema ameota mama yao, Koko wetu, aliyezikwa wakati mimi bado nabebwa mgongoni.

"Alikuwa anasimama Simi-Simi, kwa uwanja ya zamani ya ndege. Alivunja jani moja, chini yake iko nyekundu. Akasema, muoshe nayo mutoto. Akasema tena, uje na yaya yake."

Yaya yake, yaani mkubwa wake, nilikuwa mimi.

"Véro," Papa alisema, "mutoto iko na serum kwa mukono, na we unaniletea ndoto?"

"Serum ibakie. Mi sikatazi serum."

Papa alimtazama Trésor, halafu akatoka nje. Kwa Tantine, hiyo ilitosha kuwa ruhusa.

Tulipanda toleka, mimi mbele kwenye bomba la baiskeli, Tantine nyuma kwenye mto wa kukalia. Tulifika Simi-Simi jua likiwa utosini, saa ambayo mtu hana kivuli. Mwenye baiskeli alibaki barabarani. Kabla ya kuingia kwenye nyasi, Tantine aliniinamia.

"Kama mutu anakuita kule, usiitike. Hata kama iko sauti ya mama yako."

"Juu ya nini, Tantine?"

"Koko njo alisema hivyo. Mi pia sijue."

Nyasi zilinipita kimo. Lami ya zamani ilikuwa imepasuka, na ndani ya ufa mmoja kilisimama kichaka kidogo. Tantine aligeuza jani. Chini lilikuwa jekundu kama ulimi. Nilimsikia akivuta pumzi, kwa sababu hata yeye, nadhani, hakuwa ameamini. Alinyunyiza chumvi shinani, akasema polepole, "Mama, tumefika," akaanza kukata.

Ndipo nikaitwa.

"Yaya!"

Ilikuwa sauti ya Trésor, ile ya kukwaruza ya mtu aliyelala sana, nyuma yangu kabisa. Hakuna upepo uliovuma. Hata wadudu walikuwa wamenyamaza.

"Yaya, unaniacha?"

Shingo yangu ilianza kugeuka yenyewe. Mkono ukanishika, vidole baridi, ukanivuta mbele kwenye nyasi. Nililia bila kufungua mdomo mpaka tukaikanyaga barabara. Mwenye baiskeli alikuwa akipiga mluzi. Yeye hakusikia kitu.

Mama alichemsha majani, maji yakawa meusi, akamwosha Trésor mwili mzima. Mtoto akalala. Jioni aliketi kitandani akauliza, "Mama, lituma iko?" Mama alidondosha kijiko. Papa aligeukia ukuta.

Trésor alipokwisha kula lituma yake ya ndizi za kupondwa, alinitazama.

"Yaya, juu ya nini haukuitika? Nilikuona kwa ile barabara ya majani. Tantine alikuwa mbele. Na ule koko alikuwa anakushika mukono."

Nilimtazama Tantine. Pale uwanjani alikuwa na kisu mkono mmoja, na majani mkono wa pili. Alivuta kanga yake mabegani kana kwamba amesikia baridi.

Siku hizi mjini dawa za majani zinauzwa kwenye chupa zenye karatasi nzuri, na wauzaji husema wazee wa kale waliyajaribu majani moja moja mpaka wakajua. Huenda. Mimi najua tu jinsi moja lilivyofika nyumbani kwetu. Papa alikufa akiamini ni serum, na Tantine hakumbishia hata siku moja. Trésor anaendesha pikipiki njia ya Bafwasende na hakumbuki kitu.

Tantine amezeeka. Watu wakija kuomba lile jani, hata kutoka Yanonge, ninakwenda mimi. Naweka chumvi, nakata, naondoka. Hadi leo hakuna aliyeniita. Siku nikiitwa, na kama itakuwa sauti ya mtu ninayempenda, sijui kama bado ninayo ile nguvu ya mtoto ya kunyamaza.