Mgema wa Bongwe Aliyeligema Goti Lake

Jua linachomoza Bongwe, na Tsofa Mramba yuko katikati ya mnazi, hayuko juu wala chini. Mguu wa kulia umeshafika kwenye kidato kilichochongwa shinani. Wa kushoto bado uko kwenye mashauriano.

"Njoo basi," anauambia, kwa sauti ya mtu anayemwita mbuzi mkaidi.

Mguu unakuja, kwa masharti. Huko juu Tsofa anachomoa kotama, kisu cha wagema, na kukata kipande chembamba kwenye ncha ya karara, shada ambalo lingeachwa lingezaa nazi. Tembo linaanza kudondoka. Anafunga kibuyu, kisha anateremka akiwa ameuma midomo.

Kazi hii haijui likizo. Karara lisipokatwa asubuhi na jioni, kidonda chake hukauka na tembo hukoma.

"Mnazi ukiufungua kidonda, unakupa," anasema Tsofa. "Ukiuacha upone, unakunyima."

Elimu hiyo imemlisha yeye na mkewe, Sidi, tangu ujana wao. Msiba ni kwamba aliihamishia gotini.

Mwaka jana aliteleza akaligonga goti la kushoto kwenye shina. Likavimba, likashika moto, likanenepa hata suruali zake mbili zikastaafu kabla ya umri. Tsofa akachukua wembe, akalichanja. Yakatoka maji na damu, akapata nafuu ya kutwa moja. Tangu hapo, kila chale ilipotaka kufunga, aliifungua upya.

"Niliona linanijibu," anaeleza. "Nikasema hili nalo ni kama mnazi, ubaya wake ni kufunga."

"Mwanamume mzima anagema goti!" Sidi anadakia kutoka jikoni. "Nilimwambia likijaa chupa aniite, nimtafutie mnunuzi."

Utani huo uliisha asubuhi Tsofa aliposhindwa kuinuka kitandani. Sidi alimfikisha kwenye kliniki moja ya Msambweni, alikopokewa na daktari kijana aitwaye Ummi.

"Shikamoo, baba. Nani amekuchora hivi?"

"Marahaba. Fundi."

"Fundi yupi huyo?"

"Mimi mwenyewe, mwanangu."

Daktari Ummi hakucheka. Alivuta kiti akamweleza jambo ambalo Tsofa hulisimulia mpaka leo kwa heshima ya mtu anayesimulia kesi aliyoshindwa.

Kila seli ya mwili, alimwambia, ina akiba ya nishati ndani yake, kemikali iitwayo ATP. Maadamu imo ndani, ni chakula. Seli ikipasuka, kwa kugongwa au kwa wembe, kemikali hiyo humwagika nje, na huko nje inakuwa habari mbaya. Seli za jirani na askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu, zina vipokezi juu ya ngozi zao, vinaitwa vipokezi vya purini, na kazi yake ni kuinasa habari hiyo. Vikiinasa, askari huitana. Damu huja, maji huja, joto huja, maumivu nayo huja.

"Uvimbe ni msaada umefika, baba," alisema. "Ukiachwa, mwili huimega ile kemikali iliyomwagika, ikabaki nyingine ya kutuliza, na hiyo nayo ina vipokezi vyake. Askari wakarudi makwao. Lakini wewe kila wakitaka kuondoka, unapasua seli nyingine."

"Kwa hiyo askari wamekaa humu mwaka mzima?"

"Wamekaa, na sasa wanakula nyumba waliyokuja kuilinda."

Nyumba hiyo ni gegedu, ule mto laini kati ya mifupa ya goti. Lililokwisha kulika halirudi. Kilichobaki kinaweza kuokolewa, daktari alisema, kwa dawa, kwa kuuacha wembe, na kwa kutopanda tena. Asipofanya hivyo, mguu utakauka ukiwa umenyooka.

Wembe Tsofa aliutupa chooni siku hiyo hiyo. Minazi ilimshinda kutupa. Goti lilitaka lifunge, makarara hayakutakiwa kufunga, na mtu wa kuyahudumia yote mawili alikuwa mmoja. Akaendelea kupanda, akimeza dawa kwa tembo la asubuhi, jambo ambalo Daktari Ummi hajaambiwa.

Leo ameteremka na kumkuta Kibwana, mwenye shamba, amesimama chini. Pembeni yake yuko Chome, mgema kijana wa kijiji cha pili, mwenye magoti mawili yasiyo na historia.

"Tsofa, ndugu yangu, nimekutazama tangu kidato cha kwanza," anasema Kibwana. "Siwezi kukuokota hapa chini nikampelekee Sidi. Nitamwambia nini?"

"Mwambie nilianguka kazini."

"Niambie tu umechoka, na mimi nitakuelewa."

Tsofa anaitazama minazi mmoja mmoja. Kisha anamgeukia Chome.

"Ule wa kisimani karara lake ni laini. Ukikata nene unaliua."

"Nimesikia, mzee."

"Hujasikia. Kata nyembamba."

Anampa vibuyu vyote. Kotama anarudi nayo nyumbani, anaifuta kwa kanga ya Sidi, anaichomeka paani, na hakuna anayeiulizia.

Sasa atasuka makuti, kazi ya kukaa kitini mguu ukiwa mbele. Wajenzi wa Diani huyachukua kwa mapaa ya mabanda ya watalii, ila hayalipi hata nusu ya tembo, na Sidi ameshaanza kukaanga mihogo barabarani.

Daktari hajaahidi kitu. Hata hivyo Tsofa ana tumaini moja. Kwenye mazishi ya juzi alikaa mkekani mguu umenyooka mbele ya watu kama mzungu ufukweni, na wazee wakawa wanauruka.

"Nataka msiba ujao nikunje goti, nikae kama watu," anasema.

"Msiba wa nani huo?" Sidi anamuuliza.

Tsofa analipapasa goti lake.

"Wa yeyote," anajibu. "Ila usiwe wangu. Huo watanilaza hata likiwa limenyooka."