Kamba Iliyoshonwa kwa Bandi

Wasomaji vijana, mwandiko wangu unapinda na herufi zingine nitazikosea. Nilimaliza shule ya msingi tu, na mkono wangu umezoea sindano kuliko kalamu. Mnivumilie.

Nilianza kazi wakati wa vita, katika foyer moja ya mtaa wa Mikelenge, nyumba ambamo akina mama hujifunza kushona. Nilikuwa msichana mwenye haya. Siku ya kwanza nilisalimia nikitazama sakafu. Treni haikufika tena, uzi ulikosekana, tukawa tunafumua magunia ili kupata uzi. Mkubwa wetu, Mama Direktrisi, alinifundisha kwanza bandi, ile mishono mirefu ya kushikiza kitambaa kwa muda, ambayo baadaye huvutwa ikatoka.

Kazi yetu ilikuwa kugeuza picha za zamani za wakoloni kuwa vitambaa vya kutundika ukutani. Kila mtu wa kwenye picha tulimkata katika kikwembe, yaani kitenge, tukamshona juu ya kitambaa cheupe. Picha moja ilikuwa ya wapagazi wa Lokandu, kila mmoja na kitanzi cha kamba shingoni. Nyuma yake paliandikwa "wapagazi", bila jina hata moja.

Nilikuwa nashona vile vitanzi alipoingia bibi mmoja aliyekimbia vita kutoka Punia, akiomba maji. Aliona picha, akasahau maji. Alimtambua mtu mmoja kwa chale za kifuani.

"Ule njo baba yangu," akasema polepole. Kisha akanigeukia. "Mutoto, wazungu walimufunga. Na weye unamufunga tena, na uzi muzuri?"

Wenzangu walitaka kamba iondolewe kabisa. Mama Direktrisi alikataa. Alisema watoto watafikiri wale watu walibeba mizigo kwa kupenda. Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe Mama Direktrisi akaniambia, "Kamba uishone na bandi. Mwenye kutambua mutu wake, aivute mwenyewe."

Nikavifumua vitanzi vyote, nikavishona upya kwa bandi. Bibi alitaja jina la baba yake, Amisi, nami nikalidarizi chini ya miguu yake. Ndipo akavuta uzi. Matundu ya sindano yalibaki shingoni. Akayapapasa, akacheka kidogo.

"Sasa ataweza kumeza wali."

Baadaye nilikuwa mwalimu wa kudarizi, chini ya wakubwa wengine, na watu waliendelea kuja na majina. Leo nimestaafu, macho yamechoka. Asubuhi ninakumbuka sana mlio wa vyerehani na utani wa wenzangu. Vitanzi vimetoka vyote isipokuwa kimoja. Yule mrefu wa mwisho kushoto, mwenye sikio lililokatika ncha, bado amefungwa. Kama kwenu wazee waliwahi kusimulia habari za mtu wa namna hiyo, niandikieni jina lake, halafu mje wenyewe mvute uzi.