Alama Nane kwa Barua Isiyo na Jina

Mnanichosha, nyinyi. Kila nikiandika habari za shule, mnashuka kwenye maoni na wimbo uleule: "Walimu wa siku hizi waoga." "Walimu hawasemi." Unaandika hivyo umelala chali, kwa jina la bandia, na picha ya simba. Haya. Leo nakuletea mwoga mmoja. Msome mpaka mwisho, kelele zako zitakusubiri.

Ni mama yangu mdogo. Anafundisha lugha shule ya sekondari ya serikali, huu mwaka wa kumi na tisa. Wanafunzi wanamwita Tiki, kwa sababu tiki yake ya kalamu nyekundu ni ndefu mpaka inatoka nje ya mstari. Anaogopa mende, anaogopa radi, anaogopa simu ya namba asiyoijua. Naishi kwake, namjua. Nyumbani tuko watatu: yeye, mimi na bibi, ambaye figo zake zimegoma na hupelekwa hospitali Jumatano na Jumamosi akasafishwe damu kwa mashine. Hilo la mashine likumbuke.

Agizo lilitoka juu kwamba kila shule iwe na sanduku la maoni. Fundi akaligonga, likapakwa bluu, likatiwa kufuli, likatundikwa nje ya ofisi ya walimu. Mwanafunzi anaandika bila jina, anatumbukiza. Ijumaa afisa elimu angekuja kulifungua mbele ya shule nzima. Jumatatu ya wiki hiyohiyo mwalimu mkuu akampa mama mdogo ufunguo.

"Mwalimu, wewe mwepesi wa kusoma. Zipitie. Za kupongeza ziache. Takataka niletee mimi."

Akasema sawa. Si nimeshakwambia ni mwoga?

Saa ya mapumziko akazimwaga mezani, karatasi thelathini na moja. Wengi wanataka mipira mipya. Mmoja anaomba mwalimu wa fizikia apunguze manukato. Halafu ikaja karatasi ya viboksi, imechanwa kwenye daftari la hisabati, mwandiko umelalia kushoto. Ilisema vyoo viwili vya wasichana havina milango tangu muhula uliopita. Ukiingia, wenzako wawili wanasimama mbele yako wameshika sweta kama pazia. Ukiwa kwenye siku zako na huna wa kukushikia sweta, unabaki nyumbani, na ndiyo maana kwenye mtihani wa majaribio kulikuwa na viti vitupu. Mwisho ikasema: "Mali ya shule inahama na kila mtu anaona, ila hatusemi."

Mama mdogo akaisoma mara mbili. Anasema alisahau yuko wapi. Alipokuja kushtuka, kalamu nyekundu iko mkononi na karatasi imeshasahihishwa. Tiki mbili ndefu. Pembeni ya ile sentensi ya mali ya shule: "Ongeza mfano." Chini kabisa, ndani ya duara: "Hoja imesimama. 8/10."

Mkono ulienda wenyewe. Ndiyo kazi yake, miaka yote hiyo. Mpe hata cheti cha daktari, atakisahihisha.

Mwalimu wa hisabati, jirani yake wa meza, akachungulia. "Dada! Umesahihisha malalamiko? Kesho utampa mwenye duka maksi kwenye risiti."

Akacheka peke yake. Mama mdogo aliifunika karatasi kwa kiganja, kwa sababu ule mwandiko aliujua tangu mstari wa kwanza.

Ni wa Kimya. Hilo ndilo jina wenzake walilompa. Msichana wa darasa la mtihani, kiti cha mbele dirishani, mama yake anafua nguo za watu. Miaka mitatu hajanyoosha mkono hata siku moja. Ukimwuliza swali anakazia macho dawati mpaka umwonee huruma upite. Insha zake mistari minne, basi, na chini yake mama mdogo anaandika kilekile kila wiki: ongeza mfano, ongeza mfano.

Alitaka kuikunja ile karatasi aifiche kwenye sidiria. Hakuwahi. Mwalimu wa nidhamu aliingia, "Mkuu anazitaka," akazoa rundo zima, nzuri na mbaya, akaondoka nalo.

Saa tisa akaitwa ofisini.

"Kumbe siku hizi unawapa na maksi," mwalimu mkuu akasema. Karatasi ya viboksi iko mezani, na pembeni yake barua iliyopigwa chapa. Uhamisho, jina la mama mdogo, shule iliyo safari ya siku mbili kwa basi. Huko zahanati ni chumba kimoja, mashine ya kusafisha damu wanaisikia redioni tu. "Barua imekamilika. Imebaki tarehe. Huyu ni nani?"

"Sijui, Mkuu."

"Mwalimu wa lugha hajui miandiko ya wanafunzi wake? Haya. Alhamisi uje na jina, na uje na madaftari yote ya darasa la mtihani, nami nitazame. Ukija mikono mitupu, naandika tarehe."

Akimtaja, Kimya anafukuzwa wiki tatu kabla ya mtihani wa mwisho. Asipomtaja, tunahamia huko sote na bibi anakosa mashine. Wewe wa picha ya simba, hapo ungefanya nini? Usinijibu.

Jumanne karatasi ikawa kwenye ubao wa matangazo, nyuma ya kioo, imekunjwa ionekane nusu ya chini tu, pamoja na wino mwekundu. Juu yake tangazo: anayeujua mwandiko huu afike ofisini. Shule nzima ikapita pale. Mama mdogo akawa anazunguka nyuma ya maabara ili asipite. Darasani hakuthubutu kuangalia upande wa dirisha, asije mtu akafuata macho yake. Nyumbani mlango ukigongwa, anaruka. Aliyegonga ni muuza maziwa.

Jumatano tukampeleka bibi hospitali. Mama mdogo alikuja na begi la madaftari hamsini na mawili, kalikumbatia kama mtoto mchanga.

"Tukiyamwagia maji?" akaninong'oneza.

"Yote? Utasema mvua ilinyesha ndani ya begi?"

"Basi nipoteze la kwake peke yake."

"Hapo si ndiyo umemtaja."

Bibi kwenye kiti cha mashine, macho kayafumba, akasema, "Mnanong'ona nini hapo? Kama ni mazishi yangu, nisubirini kwanza nife."

Ikabidi aambiwe. Mashine inanguruma, damu yake inazunguka kwenye mipira. Kisha akasema, "Mtaje, mwanangu. Mtoto wa watu atapata shule nyingine. Mimi figo nyingine sipati."

Msimlaumu bibi yangu. Na yeye anaogopa. Mama mdogo alimfuta tu jasho la shingo.

Jioni hiyo aliketi meza ya chakula na daftari moja na rundo la magazeti ya zamani. Nikadhani anaandaa somo.

Alhamisi akaingia ofisini.

"Jina."

"Ni mimi, Mkuu. Mimi ndiye niliyeandika."

Mwalimu mkuu akacheka mpaka akavua miwani. "Wewe? Halafu ukajipa nane?"

"Mfano ulikosekana, Mkuu."

Hakuwa anatania. Mtu akiogopa sana anasema ukweli wa ajabuajabu. Akasukumiwa kalamu na karatasi: "Andika sentensi ile ya mwisho, nikuone."

Akaandika. Herufi zililala kushoto zote, na mkia wa "y" ukajikunja kama Kimya anavyoukunja. Ukisahihisha mwandiko wa mtu miaka mitatu, mkono wako unaujua. Jioni ya Jumatano alikuwa anaamsha tu kumbukumbu, kwenye pambizo za magazeti.

Mwalimu mkuu akazilinganisha zile karatasi muda mrefu. Mama mdogo anasema alibana miguu, mkojo ulikuwa karibu. Sidhani kama yule bwana aliamini. Ila kesho yake afisa elimu anakuja, na yeye alihitaji jina moja la kufungia faili, lolote. Akachukua barua, akaandika tarehe. Aripoti kituo kipya Jumatatu. Madaftari hakuyagusa.

Ingeishia hapo, ningekwambia mama yangu mdogo alimwokoa mtoto, tungepiga makofi tukalale.

Ijumaa afisa elimu akafungua sanduku. Karatasi kumi na mbili, zote pongezi. Makofi. Akatazama saa yake, akauliza kama wanavyouliza watu wanaotaka kuondoka: "Kuna mwenye la kuongeza?"

Kwenye mstari wa wasichana wa darasa la mtihani, mkono ukapanda.

Mama mdogo alikuwa barazani na walimu wenzake. Akatikisa kichwa. Mkono wake kwenye paja ukawa unafanya hivi: shusha, shusha. "Miaka mitatu namsubiri anyooshe mkono," aliniambia, "na siku kaunyoosha, mimi huyohuyo namwambia ashushe."

"Sauti!" afisa akasema, maana hakuna aliyesikia kitu.

"Naongeza mfano," Kimya akasema. Alikuwa ameisoma ile nusu ya karatasi nyuma ya kioo, kama wote. "Milango miwili. Ya kijani. Namba tatu na namba nne. Iko kwenye banda la kuku nyuma ya nyumba ya mwalimu mkuu. Namba bado zinasomeka."

Hakucheka mtu. Afisa akaandika kitu, akafunga faili, akasema litafanyiwa kazi, akapanda gari. Kabla ya kengele ya kwenda nyumbani Kimya alikuwa na kikaratasi mkononi: Jumatatu saa mbili asubuhi, ofisini, na mzazi.

Jana mchana nilipita nyuma ya ile nyumba. Banda la kuku limepakwa rangi ya kahawia, mbichi, inanata ukigusa. Namba hazisomeki tena. Nimepiga picha hivyohivyo, na kidole changu chenye rangi.

Jioni mama yake Kimya akaja kwetu, vidole vimejikunja kwa sabuni. "Mwalimu, mimi kule nitasema nini? Sijasoma mimi."

"Utakaa karibu yangu."

"Si wamekuhamisha wewe?"

"Basi litaniacha."

Kisha akaingia bafuni, akafungulia bomba. Hata hivyo nilisikia anatapika.

Nilimwuliza kama niandike. Akasema, "Andika, ila usitie chumvi." Sijatia.

Sasa wewe. Sitaki maoni yako hapa chini. Kama una mtoto pale, na wenye watoto pale mnajijua, njoo kesho Jumatatu saa mbili. Nje ya ofisi kuna benchi refu, linabeba watu kumi na wengine watasimama. Hotuba haitakiwi. Karani akikuuliza shida yako, mwambie umekuja kuulizia milango. Usiondoke mpaka yule mtoto atoke.