Daftari la Maharage

Kosa langu kubwa la mwanzo nikiwa baba, mwanangu, lilikuwa kumlisha mtoto kwa nguvu.

Sijaisahau asubuhi ile mtaani kwetu Keko, miaka ya Ujamaa. Nilikuwa seremala kijana, nimejifunza kusoma ukubwani, na kijitabu cha lishe nimekifunua mpaka kimechakaa. Kilisema maharage, mayai na maziwa hujenga mwili. Nami, mtu wa kuogopa kukosea, nikachora jedwali daftarini kama nachora kabati.

Binti yangu Zuhura, wa mwaka mmoja na nusu, aligeuza uso kila alipoona maharage. Siku hiyo nilimbana magotini nikamlisha kipimo chote. Adhuhuri akatapika, akalegea, akawa anahema mbio na kuamka hawezi.

Mama mkwe alinitazama. "Baba Zuhura, anayekula ni mtoto au daftari?"

"Mama, kitabu kimesema..."

"Kitabu hakijamzaa. Mbebe, twende."

Hospitali, daktari aliuliza kama tumewahi kuzika mtoto. Mke wangu akainama. Kaka yake Zuhura alitutoka kwa dalili zilezile, na majirani wakasema ni kijicho.

"Fundi," daktari akaniambia, "usipofagia karakana, vumbi la mbao likafika magotini, utafanya kazi?"

"Siwezi."

"Basi mwilini mna karakana ndogo mno, zinachoma chakula zitupe nguvu. Fagio la mwanao, nadhani, lina kasoro tangu kuzaliwa. Vyakula vya kujenga mwili, kama maharage, vikizidi, mabaki yanageuka sumu, yanazisonga. Kasoro mmempa nyote wawili, bila kujua."

Kipimo cha kuthibitisha hakikuwepo. Walimtundikia dripu ya maji ya sukari. Siku ya tatu akaniita baba.

Tangu hapo maharage, mayai na maziwa tulimpa kidogo, kwa kiasi alichopanga daktari. Akipata homa, uji wa sukari mara kwa mara asikae na njaa, na hospitali bila kungoja.

Kwa hiyo, mwanangu, mtoto akikataa chakula kilekile kila siku, na akikila analegea, usimbane. Mpeleke kwa wataalamu, na kama umewahi kuzika mtoto, uwaambie. Usifiche kwa aibu. Mungu akulindie wanao, akupe na utulivu ambao mimi sikuwa nao.

Zuhura sasa ana watoto wake. Mimi bado nasoma, bado naandika daftarini. Ila siku hizi naanza na alichokataa mtoto.