Tulikisafisha Kisima ili Wageni Wasikinuse

Admin, tafadhali ficha jina langu na la avenue yetu. Nina miaka kumi na saba, nasoma mwaka wa tano wa sekondari, section ya chimie-biologie, yaani kemia na biolojia, hapa Bunia, commune ya Mbunya. Najua ukurasa huu umezoea visa vya mapenzi. Changu ni cha kisima, na cha baba yangu ambaye siwezi tena kumtazama bila dharau. Mungu anisamehe.

Juu ya avenue yetu kuna kituo cha mafuta. Tangu mwaka jana kisima cha nyumba zote za chini kinanuka petroli. Ukiyaacha maji kwenye beseni, rangi za upinde wa mvua zinatanda juu yake. Tulilalamika kwenye commune mpaka wakatumwa mafundi waje kupima udongo na maji ya chini ya ardhi. Nilifurahi kama mtoto anayengoja Noeli, maana prof wetu wa chimie alitufundisha kwamba sampuli ni shahidi, na shahidi ukimfundisha la kusema, si shahidi tena.

Baba yangu ni chef wa avenue, yaani kiongozi wa mtaa wetu. Siku mbili kabla ya mafundi kufika, mwenye kituo, mtu wa maneno matamu, alimwita. Baba akarudi amevaa kofia mpya yenye rangi za kituo. Akapita nyumba kwa nyumba akitangaza salongo, ile kazi yetu ya pamoja ya usafi. "Bageni banakuya," alisema. "Munataka bakute kisima ya kunuka? Muko batu ya haya ama hapana?" Kwetu mgeni hapokelewi na uchafu, unafagia hata pale asipofika. Basi siku iliyofuata wamama wakakausha kisima, wakakisugua, kisha tukakijaza maji ya chemchemi ya bondeni. Mwenye kituo akaleta kamioni ya udongo mwekundu, tukautandaza juu ya ile ardhi nyeusi iliyo karibu na matangi yake. Nami, mwanafunzi wa chimie, nilibeba bidon nane, dumu baada ya dumu, kichwani huku nikiimba. Sikufikiri. Nilitaka wageni watuone watu safi.

Kesho yake wakaja mafundi wawili, glavu mpya, viatu vyeupe. Mmoja alikwangua ule udongo mwekundu wa jana, kina cha kiganja, akautia kwenye kopo kama anayepima chumvi sokoni. Mwingine alichota kisimani mara moja tu, akajaza chupa nusu. Nusu! Hata sisi darasani tunajua kwamba petroli huruka ikipata hewa, chupa hujazwa mpaka shingoni. Na hakuna aliyeuliza kisima kilisafishwa lini. Hapo ndipo akili iliponirudia. Nikasema, "Monsieur, hii maji tulileta jana na bidon. Na hii udongo ni ya kamioni."

Yule wa chupa akacheka. "Petite, weye mutoto njo utatufundisha kazi?"

Baba akadakia, kofia kichwani: "Muache tu, monsieur. Masomo imemupanda kichwa. Mukuye mukule kwanza, bamama balipika kuku."

Wakaenda kula. Nilidhani watu wa sayansi huvumilia njaa kwa ajili ya ukweli. Wale walishindwa na harufu ya kuku na sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo.

Baadaye karatasi ya matokeo ikabandikwa ukutani mwa kituo: maji ni salama. Wakati huo kisima kilikuwa kimeshaanza kunuka tena. Jirani yetu mjamzito, nitamwita Mama Neema, alikuwa ameyaacha maji yale, akishuka bondeni na tumbo lake. Sasa akarudi kuyanywa. Nilimweleza yote. Akanitazama kwa huruma. "Mutoto yangu, karatasi iko na cachet, iko na muhuri. Weye uko na nini?"

Nina bokali, kopo la kioo lenye kifuniko. Niliijaza maji ya kisima alfajiri, mpaka juu, bila kubakiza hewa. Nikaifunga, nikaandika siku na saa, nikaitia ndani ya mtungi wa bibi penye baridi. Baba aliikuta. Hakunipiga. Alivua kofia, akaketi, akasema kwa sauti ndogo, "Ukipeleka hii, batu ya avenue batasema nilibauzisha kwa mwenye kituo."

"Papa, ulibauzisha. Na kwa kofia."

Sijawahi kumjibu hivyo. Baba aliinuka. Kisha akairudisha bokali mtungini kwa mikono yake mwenyewe, polepole, asiitikise. Angeweza kuimwaga. Kofia hajaivaa tena tangu siku hiyo, na hilo peke yake ndilo linalonizuia kumdharau kabisa.

Mafundi wanarudi Alhamisi kuchukua vifaa walivyoacha kituoni. Kila asubuhi kabla ya shule namletea Mama Neema bidon moja ya chemchemi, lakini shingo yangu haiwezi kuibebea avenue nzima. Ninyi mnaosoma, hasa mlio wazazi, nielekezeni: niwapelekee mafundi bokali mimi mwenyewe mbele ya watu wote, baba aaibike, au nimngoje aipeleke yeye? Msikawie kunijibu. Leo nilichelewa kuamka, na Mama Neema alichota kisimani.