Karamu ya Bure Mabawe

Mkiniona nikipita soko la Ngara nimeshusha kofia mpaka puani msidhani naumwa macho, ni aibu tu, kwa sababu hadi leo hapiti mtu anayenijua bila kuniuliza, "Deo, karamu nyingine lini?" na akishauliza anacheka mpaka anashika nguzo ya kibanda, na mimi inabidi nicheke naye, maana nikinuna nitakuwa nimempa nyingine ya kwenda kusimulia.

Mimi ni fundi simu hapo mjini (wengine huniita injinia, na mimi sikatai). Sisi tuliosoma shule ya msingi ya kijijini kwetu Mabawe tulikubaliana kukusanya kalamu za watoto wa pale, baada ya Mwalimu Adventina, aliyetufundisha sisi na bado anafundisha, kutuambia kwamba kuna madawati ambayo watoto wanapokezana kalamu moja, na wa mwisho anaipata kengele imeshagonga. Wazo la kufungua tovuti, ili wenzetu waliosambaa Biharamulo na kwingine wajisomee wenyewe, lilikuwa langu. Evodia, mweka hazina wetu, akasema basi tuchange kidogo tulipie anwani ya kueleweka, mimi nikamcheka mbele za watu.

"Tulipie nini, Evodia, wakati vya bure vimejaa mtandaoni?"

Hapo ndipo nilipojiroga. Nikakaa dukani kwangu kuchagua huduma ya bure ya kuweka tovuti yetu. Ya kwanza ilitaka kubandika matangazo ya kubeti juu ya jina la shule, nikaikataa. Ya pili ilisema tovuti ikikaa mwezi bila wageni inafutwa, nikaikataa nayo. Ya tatu haikuwa na matangazo wala vitisho, ilisema tu kwamba jina ukishaliandika hulibadilishi mpaka ulipie, nikajiambia nibadilishe la nini, mimi ni mtu wa kukosea jina? Miundo yake ya bure iliyotengenezwa tayari ilikuwa mitatu, wa harusi, wa mazoezi ya viungo na wa mgahawa, nikachukua wa mgahawa kwa sababu ulikuwa na picha kubwa nzuri ya mbuzi wa kuchoma (picha nayo haitoki mpaka ulipie, lakini nikaona itavutia watu).

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Nyumbani tunaongea Kihangaza, Kiswahili tulikikuta shuleni, na ulimi wangu haujawahi kujua l inaishia wapi na r inaanzia wapi, wala hakuna mtu huku aliyewahi kunidai tofauti yake. Nikaandika kama ninavyotamka. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, KARAMU MABAWE. Chini yake nikaandika: "Kila mtoto anastahili karamu. Tukutane Jumamosi saa nne, nyumbani kwa Mama Deo. Njoo na wenzako. Usije mikono mitupu." Nikaweka na namba ya simu ya mama, kwa sababu yangu huwa bize na wateja, nikaituma tovuti kwenye magrupu yote, nikalala usingizi mtamu kabisa.

Jumamosi nikafika kwa mama asubuhi na boksi langu tupu la kuwekea kalamu. Mama (ni mzee wa kanisa, mtu ambaye hata togwa anainusa kwanza kabla ya kunywa) alikuwa barazani anachambua maharage ya mbegu, gunia lake lote la msimu, kwa kuwa mvua za kupandia zilikuwa zinakaribia. Mara ikaingia pikapu. Baba mkubwa kutoka Nyamahanga, kule Biharamulo, kavaa koti la harusi, yupo na mke wake, wakwe zake na majirani zake, na nyuma madumu ya pombe ya ndizi yamepangwa kama ng'ombe mnadani.

"Shikamoo baba mkubwa," nikasema.

"Marahaba mwanangu! Mmetukumbuka leo! Mbuzi yuko wapi?"

Kabla sijajibu ikaingia kwaya, na sare zao. Baada ya kwaya bodaboda, mama mbele, watoto nyuma, baba anafuata kwa miguu na dumu lake kichwani. Uwanja ukajaa mpaka kwenye migomba. Mama akanivuta mkono mpaka nyuma ya nyumba.

"Yewe mwana wanje, we mwanangu, kuna msiba hapa kwangu ambao sijaambiwa?"

"Hapana mama, wamekuja kwa ajili ya karamu."

"Karamu gani?"

"Karamu za watoto, mama! Za kuandikia!"

Mwalimu Adventina ndiye aliyenitoa gizani. Alikuja na simu yake mkononi na miwani imeshuka puani vilevile kama zamani, akanisimamisha katikati ya uwanja, mtu mzima na ndevu zangu, akaniambia nisome kwa sauti. Nikasoma, karamu Mabawe.

"Umesoma vizuri," akasema. "Ndivyo ulivyoandika. Sasa sema kalamu."

"Karamu."

"Kalamu, Deo. Eli! Eli ya Lukole!"

"Ka... ramu!"

Nawaambia, kicheko kilichopigwa pale, kwaya ilicheka kwa sauti zote nne. Baba mkubwa aliketi chini na koti lake la harusi. Evodia sikumwangalia, lakini nilimsikia akisema taratibu, "Vya bure vimejaa mtandaoni," na jamani, yule msichana alikuwa na haki yote.

Ila kicheko hakishibishi, na watoto walishaanza kuuliza nyama. Mama akatazama ule umati, akatazama gunia lake, nikaona kabisa anataka kulia, kisha akajifunga kanga kiunoni. Nikamwambia, mama, hizo ni mbegu, utapanda nini? Akanijibu bila kunitazama, "Mtu hatoki kwangu na njaa. Leta kuni." Nikaleta kuni. Sijawahi kubeba kuni nzito kama zile, na zilikuwa vijiti tu.

Maharage yakapikwa, majirani wakaongeza ndizi, watu wakala wakasifia, mimi nikawa wa kugawa sahani. Madumu mama aliyakataza yasivuke ua wake, kwa hiyo baba mkubwa akayahamishia kwa jirani, akapanda juu ya benchi akayanadi moja moja, wenyewe walioyaleta wakayanunua upya kwa vigelegele, na fedha yote akakabidhiwa Evodia. Jumatatu akanunua kalamu mpaka boksi langu likakataa kufungwa. Dawati hata moja halikubaki linapokezana.

Lakini jioni ileile ya Jumamosi, wageni walipoondoka, mama alikunja gunia tupu akaniwekea mapajani.

"Hicho kitu chako cha bure nimekilipia mimi," akasema. "Kwa maharage."

Ningechapwa ningeumia kidogo kuliko hivyo. Niliuza simu yangu nzuri (fundi simu sasa natembea na ya tochi), nikanunua mbegu, nikafunga duka nikaenda kulipanda shamba lote kwa jembe langu mwenyewe, mama amesimama mpakani ananisahihisha mistari. Na nimeapa, sitaweka tena neno langu mahali ambapo siwezi kulifuta, na hata nikiandika bango la duka linapita kwanza kwa Mwalimu Adventina. Tovuti yenyewe bado iko hewani, kwani siku nilipokubali kulipia nibadilishe jina nikakuta wanataka kadi ya benki ambayo sina. Maneno ya chini nimeyasahihisha, ila nani anasoma ya chini akishamwona mbuzi?

Juzi tulikuwa tunapalilia, maharage yamependeza, yameanza kutoa maua, simu ya mama ikalia. Nikamwona anasimama wima, anashika kiuno, sauti ya kanisani.

"Hapana baba, umesoma vibaya! Siyo karamu. Ni karamu! Karamu ya kuandikia! Eri! Eri ya Rukore!"

Akasikiliza kidogo, kisha akaziba simu kwa kiganja akanigeukia.

"Wako Biharamulo," akasema. "Wanauliza waje saa ngapi."

Nikayatazama yale maua ya maharage, nikaomba Mungu mtandao ukatike.